Marehemu Alihudhuria Siku Zote Tatu

4 Februari

Kaka,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu juzi kwenye simu tulipigiana kelele mpaka Mama akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa ule mkono wake mzima, akidhani ni yeye tunayemgombania. Barua haina kelele. Dereva wa lori la saruji anapita mjini kwenu kila wiki, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa nisikilize. Bodi imeleta waraka. Saa za mafunzo tulizozipata mtandaoni hazihesabiwi tena, na si zijazo tu, hata zilizopita. Sheria unaijua: kila msimamizi wa mradi awe na saa thelathini ndani ya miaka miwili, la sivyo leseni haihuishwi. Mimi nilikuwa nazo thelathini kamili. Kumi na mbili nilizipata ukumbini mwaka juzi, kabla Mama hajapata kiharusi, na kumi na nane nimezipata kwenye kompyuta. Leo nimeamka ninazo kumi na mbili. Leseni yangu inakwisha tarehe 30 Juni, na wodi ya wazazi ninayoisimamia ndiyo kwanza imefika ghorofa ya pili.

Sababu yao nainakili neno kwa neno, usije ukasema naongeza chumvi: "Mshiriki wa mtandaoni hawezi kuthibitishwa kuwa alikuwepo."

Eti mimi sikuwepo! Kaka, zile saa kumi na nane nilizikaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa kitanda cha Mama, kompyuta juu ya stuli, kijiko cha dawa mkononi. Mwalimu akiuliza najibu. Mama akitaka kugeuzwa naomba dakika tano, namgeuza, narudi. Kila semina ilikuwa na mtihani mwishoni, na ule wa kudhibiti hatari za mradi nilipata themanini na saba. Kama mimi sikuwepo, aliyepata themanini na saba ni nani, jini?

Kilichonichoma zaidi ni mstari wa mwisho. Wanasema waraka umetokana na azimio la washiriki mia mbili na kumi na wawili wa ile semina ya ukumbini ya Novemba. Ile semina ulikuwepo. Ulinitumia na picha, umeshika mkoba mpya wa washiriki. Walipopitisha azimio la kunikata miguu, wewe ulisema nini?

Mama anakusalimu kwa namna yake. Kila mlango ukifunguliwa anauliza, "Yupo?" Miaka thelathini ya kuita mahudhurio darasani haijamtoka, na katika maneno yote ndilo lililobaki analitamka vizuri. Najua ni wewe anayekuulizia. Namwambia bado.

Mdogo wako,
Kipenga


13 Februari

Mdogo wangu Kipenga,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana niliogopa nikikaa itanipiga. Tangu utotoni ndivyo ulivyo. Mchezo haujaanza vizuri, wewe ushapuliza kipenga na kuonyesha mtu aliyecheza faulo. Jina hatukukupa bure.

Lakini tuongee kama watu wa kazi. Semina ya ana kwa ana si kukaa tu kwenye kiti. Mwaka jana kwenye foleni ya chai nilikutana na mhandisi mmoja, tukazungumza hivi hivi tu, kikombe mkononi, akaniuliza ghala langu ninalijenga wapi. Nilipomwambia akaweka kikombe chini. Akasema pale chini kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha, piga msingi wako kina zaidi. Lile ghala leo limesimama kwa sababu ya kikombe cha chai. Hilo kompyuta ingeniambia lini?

Na huko mtandaoni tusidanganyane. Nilijaribu mara moja. Mtu alisahau kuzima kipaza sauti, watu sabini tukamsikia akigombana na mkewe kuhusu soksi. Mwingine aliweka picha yake badala ya uso, na ile picha ikahudhuria kwa utulivu mpaka saa kumi jioni. Bodi wana sababu ya kutia shaka, kubali hata kidogo.

Hilo azimio silikumbuki. Kipindi cha mwisho watu mawazo yao huwa kwenye mizigo na safari. Labda lilisomwa, labda halikusomwa.

Nakuomba kitu kimoja tu: usiwaandikie Bodi. Tulia. Leseni yako haitakufa, naijua hali yako kuliko unavyodhani. Mengine si ya kuandika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwambie Mama nakuja mwezi ujao nikimaliza semina ya uongozi.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Umechelewa. Bodi nimeshawaandikia, kurasa tatu, na sikuwabembeleza. Guu likivunjika nitalifunga mwenyewe.

Ghala lako nalifurahia, na mhandisi wako Mungu amzidishie. Lakini usinifanye mtu asiyeujua ukumbi. Mwaka juzi nilikwenda. Mada ya kwanza ilikuwa "Kutunza Muda". Ilipangwa saa tatu, ikaanza saa tano na nusu kwa sababu mgeni rasmi hajafika, na alipofika akachukua dakika arobaini kutueleza jinsi anavyochukia ucheleweshaji. Watu wakapiga makofi! Baada ya chakula ukumbi ulibaki na watu thelathini na mikoba mia mbili juu ya viti. Karatasi ya mahudhurio ilipita asubuhi, wote wapo. Ikapita jioni, wote wapo. Mikoba ndiyo ilisaini?

Hao ndio leo wananiambia mimi sithibitiki.

Na mambo si mepesi kama unavyoyachukulia. Mwakilishi wa mwenye mradi ameniita, akafunga mlango, akasema leseni ikifa tarehe 30 Juni wodi anakabidhiwa Vitafunio. Unamjua, yule mwenzetu ambaye hajawahi kukosa semina wala kukosa sahani. Ana saa themanini! Mwaka jana alikagua nondo za shule nzima bila kushuka kwenye gari. Mimi wiki iliyopita nimevunjisha nguzo mbili kwa sababu karatasi ya mkandarasi ilisema nondo ziko kumi na mbili, na tulipochimbua zikaonekana nane. Mkandarasi hajanisalimia tangu siku hiyo. Tarehe 30 Juni anaihesabu kwa vidole. Juu ya nguzo zile watalala kina mama arobaini na watoto wao, Kaka. Ndiyo maana situlii.

Halafu nieleze vizuri. "Naijua hali yako kuliko unavyodhani" maana yake nini? Kama una kitu, kitoe.

Mama nimemwambia unakuja mwezi ujao. Aligeukia ukuta. Mwaka huu umeshamwahidi mara tatu.

Kipenga


3 Machi

BODI YA WASIMAMIZI WA MIRADI
Ofisi ya Katibu

Ndugu Msimamizi, namba ya usajili 0417,

YAH: MALALAMIKO YAKO DHIDI YA WARAKA WA MAFUNZO

Barua yako imepokelewa na kusomwa. Bodi imeshangazwa na maudhui pamoja na lugha yake.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba wewe mwenyewe ulihudhuria semina ya Novemba ukumbini kwa siku zote tatu, asubuhi na jioni. Sahihi yako ni namba 147 katika orodha ya mahudhurio, ambayo ndiyo iliyoambatanishwa na azimio la washiriki. Kwa maneno mengine, unalalamikia azimio uliloliunga mkono.

Aidha, kwa kuwa semina hiyo ina saa kumi na nane, jumla ya saa zako za ana kwa ana ni thelathini, na leseni yako itahuishwa bila kikwazo. Hivyo Bodi haioni msingi wa malalamiko yako na inakushauri uyaondoe. Endapo unadai kwamba hukuwepo, eleza kwa maandishi ni nani aliyesaini kwa jina lako.

Nakala ya orodha imeambatanishwa.

Katibu


5 Machi

Kaka,

Nakuwekea humu nakala ya barua ya Bodi, usije ukaniambia hujaelewa.

Namba 147 ni mimi. Siku tatu, asubuhi na jioni, sahihi sita. Herufi ya kwanza ina mkia unaopinda kushoto na kurudi chini ya jina lote. Mimi siandiki hivyo. Aliyekuwa na mkia ule ni yule aliyeigiza sahihi ya Baba kwenye ripoti zake za shule, mpaka Mama akamkamata na kumsimamisha mbele ya darasa. Nikutajie jina?

Tarehe 14 Novemba, siku ya pili ya semina yenu, Mama alianguka bafuni. Nilikuwa peke yangu naye. Nilikupigia mara nne nikiwa kwenye benchi la hospitali, nguo zimelowa maji ya bafuni na moja ya kandambili zangu sijui ilibaki wapi. Ulipokea saa kumi na mbili jioni ukasema, "Nilikuwa ukumbini dada'angu, mle simu haziruhusiwi." Nikakuamini! Kumbe mkono wako ulipata nafasi ya kuandika jina langu asubuhi, ukapata tena jioni, ila kupokea simu yangu haukupata. Kwenye karatasi yako mimi nilikuwa nimekaa jirani nawe, nimetulia, nasikiliza mada. Kwenye benchi nilikuwa nalia.

Hiyo ndiyo kuijua hali yangu? Umenipa saa kumi na nane ambazo sikuzifanyia kazi, na kwa wino uleule ukanitia kundi moja na watu waliozifuta zile nilizozifanyia kazi. Hata adui yangu angeniuliza kwanza.

Sijamaliza. Tazama namba 88. Ni Mzee wa Zege, aliyetufundisha wote wawili kupima zege, mimi na wewe, mwaka mmoja baada ya mwingine. Tulimzika Agosti. Wewe ulibeba jeneza, mimi nilikuwa nyuma yako. Novemba amehudhuria siku zote tatu, amesaini mara sita, na ameunga mkono azimio. Mimi niliye hai mbele ya kompyuta sithibitiki, ila marehemu ukumbini amethibitika!

Nani amethubutu kumsainia yule mzee? Huyo nikimjua simwachi.

Kipenga


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara niliianza kwa utani. Safari hii naianza hivi: ni mimi. Wa 147 ni mimi, na wa 88 pia ni mimi.

Nieleze ya marehemu kwanza. Ile karatasi majina huwa yamechapwa tayari, mtu anatafuta jina lake anasaini. Miaka tisa nilikaa na Mzee wa Zege kiti kwa kiti. Akitoka kuvuta sigara namsainia, nikichelewa ananisainia. Karatasi ilipofika kwangu nilikuwa naongea na jirani, nikaona nafasi yake iko wazi, mkono ukaenda wenyewe. Nilipokuja kushtuka karatasi ilikuwa safu ya tano. Jioni nikawaza, nikimwacha sasa itaonekana mtu alikuja asubuhi akatoweka, watamtafuta. Nikamsainia. Siku ya tatu nilimsainia taratibu, vizuri, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwepo. Unicheke au unitukane, lakini nilimkumbuka sana siku ile.

Lako nilisaini kwa kukusudia. Nilijua huwezi kutoka kwa sababu ya Mama, na nilijua huwezi kutoka kwa sababu mimi siji. Nikajisemea angalau hili nimfanyie. Azimio sikulisoma, na nadhani hakuna aliyelisoma. Walichukua karatasi ya mahudhurio wakaibana nyuma yake kwa pini, basi, tukawa tumeazimia.

Simu zako niliziona. Zote nne. Niliogopa utakachoniambia. Nikaona bora nikisikie jioni kuliko mchana.

Sasa nakuomba, si kama mkubwa wako, nakuomba tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukinyamaza una saa thelathini, leseni unayo, wodi unaimaliza kwa mikono yako, Vitafunio anabaki na sahani yake. Ukisema, yako inakwenda na yangu inakwenda, miaka ishirini na miwili ya kazi, na kina mama wanalala juu ya nguzo za nondo nane. Ukweli huo utamfaa nani? Nitafutie hata mtu mmoja.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma saiti, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, mkandarasi akinitazama kwa mbali. Hoja yako ni nzuri. Ndiyo inayonikasirisha. Ingekuwa mbovu ningekujibu kwa mstari mmoja, lakini imeninyima raha siku nzima, na nimefika mahali pa kukuchukia kwa kunipa sababu nzuri ya kuchagua kibaya.

Huyo mtu mmoja nimemtafuta. Nitakuambia nilichokiona. Nguzo zile mbili nilizivunja kwa sababu karatasi ilisema nondo kumi na mbili zimo na ndani hazikuwemo. Mkandarasi alinipigia kelele mbele ya mafundi, "Mama, si imeandikwa hapa!" Nikamjibu, "Sijali kilichoandikwa, chimbua." Leo nikiikubali karatasi inayosema nilikuwemo ukumbini na sikuwemo, kesho nitasimama mbele ya nguzo nimwambie nini? Atachukua kalamu tu, kama wewe. Na Mzee wa Zege ndiye aliyetufundisha kutoiamini karatasi. Kumbe wewe ulikuwa unamsainia tu akitoka kuvuta sigara.

Kesho nawaandikia Bodi kwamba sikuwepo. Jina lako sitalitaja. Usidhani nimekuhurumia, sina huruma hata kidogo leo. Ni kwa sababu jina ni lako na kulitaja ni kazi yako. Miaka yote umesaini kwa niaba ya watu. Hii moja jisainie mwenyewe.

Wakiniuliza nitanyamaza, na wakinifuta watakuwa wamenifuta. Wewe utajua.

Mama hali yake si nzuri sana. Daktari amebadilisha dawa, analala mno. Akiamka neno ni lilelile, "Yupo?" Zamani nilikuwa najibu bado. Siku hizi sijui nimjibu nini.

Usiniandikie utani.

Kipenga


14 Aprili

BODI YA WASIMAMIZI WA MIRADI
Ofisi ya Katibu

Ndugu Msimamizi, namba ya usajili 0417,

YAH: WITO WA KUFIKA MBELE YA KAMATI YA NIDHAMU

Kwa barua yako ya tarehe 21 Machi umeikana sahihi namba 147, na umekataa kumtaja aliyeiweka. Kosa hilo linaweza kusababisha jina lako kuondolewa katika daftari la wasimamizi. Kuanzia leo umesimamishwa kazi mpaka uamuzi utakapotolewa, na mwenye mradi amearifiwa.

Unatakiwa kufika mbele ya Kamati tarehe 7 Mei, saa nne kamili asubuhi. Kwa kuwa wajumbe wanaishi mbalimbali na wana majukumu mengi, kikao kitafanyika kwa njia ya mtandao. Utawasha kamera muda wote. Usipohudhuria itachukuliwa kuwa umekiri.

Katibu


17 Aprili

Ndugu Katibu,

Wito wenu nimeusoma mara mbili nikidhani mpiga chapa wenu amekosea. Nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Hakukosea.

Nitahudhuria. Ila kwanza naomba mnijibu jambo moja. Siku hiyo nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa kitanda cha mama yangu, kompyuta juu ya stuli. Kiti ni kilekile, stuli ni ileile. Kama mtasema nilikuwa mbele yenu, basi na zile saa kumi na nane nilikuwepo, mnirudishie. Na kama mshiriki wa mtandaoni hawezi kuthibitishwa, basi mtakuwa hamkunisikiliza, wala hamwezi kumfuta mtu ambaye hamkukutana naye. Yote mawili kwa pamoja hamtayapata. Chagueni.

Mkishachagua, naomba mumwite na namba 88. Nawapa tahadhari kwamba mtandaoni hatapatikana, kwa kuwa tulimzika Agosti. Lakini kwa kumbukumbu zenu, ukumbini hakosi.

Wiki hii mmeniondoa saiti, na nimesikia aliyeletwa ameshaanza kumwaga zege. Nguzo zimwagwazo leo bila macho, nitazidai kwenu moja moja.

Msimamizi, namba 0417


29 Mei

Kipenga,

Niwie radhi kwa mwandiko. Karatasi nimeiegemeza ukutani, sababu utaijua mbele. Ukirudi kutoka saiti utaikuta barua hii chini ya chupa ya chai. Najua tuko nyumba moja sasa na ningeweza kukusubiri tukaongea, lakini kwenye karatasi hunikatizi.

Ile siku ya kikao nilipogonga mlango ulinifungulia ukarudi kwenye kiti chako. Hukuniuliza nimesafiri saa ngapi, wala kwa nini sikujibu barua yako siku zote hizo. Ulisogeza stuli kidogo ili niingie kwenye kamera, basi. Mwenyekiti akauliza, "Huyo bwana pembeni ni nani?" Ukamjibu, "Mwulizeni mwenyewe, yeye anajua kuandika majina." Nilikasirika dakika moja nzima, halafu nikasema. Nilisema yote, la kwako na la Mzee wa Zege. Hofu yote nilikuwa nimeshaimaliza kwenye basi. Halafu ukamuuliza Mwenyekiti atathibitishaje kama yule mjumbe aliyezima kamera tangu mwanzo yupo. Ile niliikubali, ingawa nilikuwa nahukumiwa.

Mama alikuwa amelala kwa dawa, nikaondoka hajaniona. Unajua hilo. Hujui kwamba nilikaa kituoni mpaka mabasi mawili yakaondoka bila mimi.

Jana jioni nilipokuja na sanduku, Mama ameshalala, nilikukuta na barua ya Bodi mkononi. Ulisoma mstari mmoja tu, ule wa saa zako kumi na nane kurudi, ukaanza kutafuta kofia yako ngumu. Mistari mingine nimekusomea mimi ulipotoka. Azimio limefutwa, kwa kuwa wamepekua orodha na marehemu si mmoja, ni watatu. Wawili si wangu, naapa. Leseni yangu wameifungia miaka miwili. Hawajaandika popote kwamba walikosea, wameandika "Bodi imeona busara". Hapo utapiga meza, kwa hiyo nimeshaiondoa glasi.

Vitafunio amemwaga nguzo sita ulipokuwa hupo. Asubuhi nimekusikia ukimwambia fundi kwenye simu, "Zote, chimbua zote," halafu mlango ukabamizwa. Vunja, mdogo wangu. Wakikuambia imeandikwa, waambie una kaka aliyekuwa anaandika.

Sasa la kwako na langu. Ulipotoka nikaingia chumbani na kijiko cha dawa, kama ulivyonielekeza. Mlango ukalia. Mama akiwa amefumba macho akauliza, "Yupo?"

Nikasema, "Nipo, Mwalimu."

Akafumbua macho. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu. Halafu, Kipenga, wewe uliniambia limebaki neno moja tu analolitamka vizuri. Si kweli. Alisema, na kila herufi niliisikia, "Umechelewa."

Unakumbuka sheria yake. Aliyechelewa anasimama mlangoni mpaka aambiwe kaa. Dawa nimempa nikarudi mlangoni, amelala, ameamka, amenitazama tena, hajasema kaa. Kiti cha plastiki kiko wazi, hatua tatu kutoka hapa nilipo. Ukirudi ukanikuta mlangoni bado nimesimama, usinicheke, na usimwombe kwa niaba yangu.

Kaka yako